UKIZIMA SWICHI, UMEME BADO HAUJATULIA



Katika mikutano ya matawi wenzetu wa viwanda vya chai hutuuliza swali hili: "Fundi akishazima meni swichi, kwa nini anatuambia tungoje dakika kadhaa kabla ya kufungua kabati la kapasita? Umeme si umekwisha kukatika?" Wenzetu wachumaji nao wana lao: "Kwa nini karani wa mizani anasoma kilo zetu wakati mshale bado unacheza?"

Maswali haya mawili yanaonekana hayana uhusiano. Moja ni la uhai na jingine ni la mshahara. Lakini jibu lake ni moja, na katika makala hii tunataka kulieleza taratibu, ili kila mwanachama aweze kusimama mbele ya msimamizi akajua anachokidai. Jibu lenyewe ni hili: kitu chenye nguvu iliyowekwa ndani yake hakitulii mara tu unapokigusa au kukizima. Kina muda wake wa kutulia. Atakayekisoma kabla ya muda huo atapata namba ya uongo, na atakayekishika anaweza kufa.

MIZANI KWANZA

Tuanze shambani, kwa kuwa mizani ya springi kila mtu ameiona. Ndani ya kazi ya kupima mna mambo matatu. Kuna springi, ambayo ikivutwa huweka nguvu ndani yake na kutaka kurudi. Kuna mzigo, ambao ukishaanza kwenda hautaki kusimama. Na kuna msuguano wa vyuma na hewa, ambao ndio breki.

Tundika gunia la majani mabichi lenye kilo 15, kisha liachie ghafla. Mshale hausimami kwenye 15. Gunia linashuka, na likifika mahali ambapo springi inalibeba sawasawa bado lina mwendo, kwa hiyo linapita. Springi inazidi kuvutika hadi inashinda uzito, nayo inalirudisha juu. Huko juu linapita tena, linashuka tena. Kila safari msuguano unakula kidogo. Kwa mizani yenye breki dogo, mshale unaweza kwenda 26, kurudi 7, kupanda 21, kurudi 11, na kuendelea hivyo ukipunguza mwendo mpaka usimame kwenye 15.

Sasa fikirini, ndugu. Karani akisoma kwenye 11, mchumaji amenyimwa kilo 4. Akisoma kwenye 21, amepewa kilo 6 ambazo hakuzichuma, na ugomvi utazuka jioni hesabu ya shamba itakapolinganishwa na hesabu ya kiwanda. Kilo za haki ni 15, na hazionekani mpaka mshale usimame. Mizani mpya za betri zinazoonyesha namba hazikuondoa jambo hili. Hata namba zake hucheza kwanza gunia likiwa linaning'inia.

Wenzetu madereva wanalijua jambo hili kwa njia yao. Lori likipita shimo, springi zake hurusha bodi juu na chini. Shokomzoba ndizo zinazokula mrusho huo. Shokomzoba zikifa, lori linadunda safari nzima. Zikiwa ngumu kupita kiasi, gari linakuwa kama halina springi, na kila jiwe linaingia mgongoni. Zinazofaa ni zile zinazolituliza gari upesi bila kudunda.

Kwa hiyo tumepata hali tatu: breki dogo, breki kubwa mno, na breki la kiasi. Zishikeni, tutazikuta tena ndani ya umeme.

UMEME NAO UNA VITU VITATU

Cha kwanza ni koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, aghalabu juu ya chuma. Ndani ya kila mota, transfoma na kontakta mna koili. Mkondo ukipita humo, nguvu huwekwa katika usumaku unaoizunguka. Koili inafanana na lile gunia: mkondo ukishaanza kupita haitaki usimame ghafla, na ukiwa umesimama haitaki uanze ghafla. Ukubwa wa tabia hiyo hupimwa kwa henri.

Cha pili ni kapasita. Hii ni mabamba mawili ya metali, mara nyingi membamba kama karatasi na yaliyokunjwa pamoja, yakitengwa na kitu kisichopitisha umeme. Kapasita hufanana na springi. Ukiitia umeme inajaa, na inabaki na nguvu hiyo ikingoja njia ya kuitoa. Ukubwa wake hupimwa kwa faradi, lakini faradi moja ni kubwa mno, kwa hiyo kwenye lebo za kiwandani mtakuta mikrofaradi, yaani sehemu moja ya milioni.

Cha tatu ni ukinzani, unaopimwa kwa omu. Huu ndio msuguano. Koili na kapasita zinaweka nguvu na kuirudisha, lakini ukinzani hauweki wala haurudishi. Unaigeuza nguvu kuwa joto, na joto likishatoka halirudi tena.

Unganisheni vitatu hivi katika njia moja, kisha washeni swichi. Nguvu inaanza kwenda na kurudi kati ya koili na kapasita kama gunia lile kwenye springi, na ukinzani unaila kidogo kidogo mpaka njia itulie. Muda huo mfupi kati ya kuwasha na kutulia ndio wenye hatari, kwa sababu ndani yake umeme unaweza kupanda kuliko ule unaoandikwa kwenye mita.

HESABU NDOGO YA MFANO

Tusiogope hesabu. Chukueni betri ya volti 100, koili ya henri 0.1 na kapasita ya mikrofaradi 10. Tunataka kapasita ifike volti 100 na kusimama hapo. Tubadilishe ukinzani peke yake, tutazame.

Kwanza tutie omu 20. Hili ni breki dogo. Kapasita haisimami kwenye 100. Inaruka hadi volti 173 hivi, inarudi chini hadi karibu 47, inapanda tena. Kila ikimaliza kwenda na kurudi mara moja, mrusho unabaki kama nusu ya ule wa kwanza. Inachukua kiasi cha sehemu 32 za elfu za sekunde kutulia karibu na 100.

Pili tutie omu 200. Hili ni breki la kiasi. Kapasita inapanda moja kwa moja bila kupita 100, na baada ya sehemu 5 tu za elfu za sekunde imekwisha fika volti 96.

Tatu tutie omu 2,000. Hili ni breki kubwa mno. Hakuna kuruka, lakini baada ya sehemu zile zile 5 imefika volti 22 tu, na itangoja hadi sehemu 64 hivi kufika 96.

Na kama breki lisingekuwapo kabisa? Kapasita ingepanda hadi volti 200, mara mbili ya betri, na ingeendelea kwenda na kurudi bila mwisho.

Omu 200 tumezipataje? Gawanya henri kwa faradi: 0.1 kwa 0.00001 ni 10,000. Kipeuo chake cha pili ni 100. Zidisha kwa 2, unapata 200. Ukinzani ukiwa chini ya hapo, umeme unaruka. Ukiwa juu ya hapo, hauruki lakini unachelewa. Mwanachama aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuifanya hesabu hii kwa kalamu na karatasi.

MAMBO HAYA YALIJULIKANAJE

Fundisho hili si jipya. Mwaka 1746 huko Leiden, Uholanzi, katika majaribio ya Pieter van Musschenbroek, watu walipigwa vibaya na chupa ya glasi iliyojazwa umeme, ingawa chupa yenyewe ilikuwa imekwisha kutengwa na mashine ya umeme. Chupa hiyo ilikuwa miongoni mwa kapasita za kwanza duniani. Tangu siku hizo watu wangeweza kujua kwamba kutenga si kuua.

Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha jinsi usumaku unaobadilika unavyozaa umeme ndani ya koili. Faraday alisoma shule kidogo tu, na alianza maisha kama mwanagenzi wa kufunga vitabu. Mwaka 1842 Joseph Henry wa Marekani, ambaye ujanani alikuwa mwanagenzi wa fundi saa, aliona kwamba sindano za chuma zilizowekwa ndani ya koili wakati kapasita inatoa umeme mara nyingine hupata usumaku wa kichwa chini miguu juu. Akatambua kwamba umeme ule hauendi upande mmoja tu, bali unakwenda na kurudi mpaka uishe. Mwaka 1853 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliandika hesabu yake.

Tunayataja haya ili asitokee mtu kumwambia mfanyakazi kwamba elimu hii si ya watu wa mikono. Wawili kati ya waliofungua njia walianza kwa kazi za mikono.

TURUDI KIWANDANI

Kiwanda cha chai, kiwe Kericho au Mufindi, Bushenyi nchini Uganda au Teza nchini Burundi, huendeshwa na mota: feni za kunyausha majani, mashine za kukata, feni za kukaushia. Kila mota huvuta umeme wa kutengeneza usumaku na kisha kuurudisha, bila umeme huo kufanya kazi yoyote. Kampuni ya umeme haipendi mzunguko huo wa bure kwenye nyaya zake, na mwajiri anaweza kutozwa zaidi kwa ajili yake. Kwa hiyo kiwanda huweka kabati la kapasita, ambalo huupokea umeme huo na kuutoa papo hapo kiwandani. Hiyo ndiyo kazi ya kabati lile linalokaa karibu na swichi kuu.

Umeme wa fezi tatu wa volti 415 hufika kilele cha volti 587 hivi. Kapasita ya mikrofaradi 300 iliyojaa kwa kilele hicho ina nguvu ya juli 50 hivi. Ni kama nguvu ya kuinua ndoo ya kilo 5 kwa mita 1, ila hii inatoka yote kwa kufumba na kufumbua, na inapita mkononi hadi kifuani.

Swichi ikizimwa, kapasita inabaki na kilichokuwamo. Kwa hiyo hufungwa kizuizi kidogo cha ukinzani kati ya ncha zake, kazi yake kuumaliza umeme polepole. Tuseme kizuizi ni cha omu 100,000 na kapasita ni ile ile ya mikrofaradi 300. Baada ya sekunde 30 zitabaki volti 216. Baada ya sekunde 60, volti 79. Baada ya sekunde 90, volti 29. Kanuni ya kimataifa ya IEC kwa kapasita za aina hii inataka zishuke hadi volti 75 au chini yake katika dakika 3. Hizo ndizo dakika anazotuambia fundi tungoje.

Lakini kizuizi nacho huungua, waya wake hukatika, na kwa nje hakuna kinachoonekana. Hapo kapasita inaweza kukaa na umeme wake kwa saa nyingi. Ndiyo maana kungoja peke yake hakutoshi. Lazima kupima.

Saa mbaya kuliko zote ni pale umeme wa nje unapokatika. Taa zimezimika, mashine zimenyamaza, na msimamizi anasema: "Kwa kuwa hatuna kazi, safisheni makabati." Hakuna aliyefunga swichi kwa kufuli. Hakuna aliyepima. Kibarua anayetumwa na kitambaa chake haoni hatari yoyote mbele yake, kwa kuwa kila kitu kimya. Ndugu, kimya cha mashine si ushahidi kwamba umeme umekwisha.

HATARI YA KUWASHA UPESI

Wapo wasimamizi wanaotaka swichi irudishwe mara tu ilipoanguka, ili majani yasiharibike. Tazameni hesabu. Umeme wa volti 240 una kilele cha volti 339. Kapasita tupu ikiwashwa kwenye kilele hicho bila breki inaweza kuruka hadi volti 678. Lakini kama kapasita ilibaki na chaji ya upande wa pili, na swichi ikarudishwa wakati huo, mrusho unaanzia mbali zaidi, na kwa hesabu unaweza kufika volti 1,017, yaani mara tatu ya kilele. Ukinzani wa nyaya hupunguza kiasi hicho, lakini kapasita zimekwisha kupasuka kwa njia hii na makabati kuwaka moto. Mitambo inayojiendesha hupewa muda wa kungoja kabla ya kuwasha tena. Mtu asikubali kuagizwa auondoe muda huo.

Kuna jambo jingine la kutazama. Kontakta za kapasita zina nyaya nyembamba za ukinzani zilizojikunja pembeni. Kontakta inapofunga, umeme hupita kwanza katika nyaya hizo, kisha ndipo njia kubwa inapofungwa. Nyaya zile ni shokomzoba za umeme. Mwajiri akitaka kuokoa fedha kwa kuweka kontakta ya kawaida ya mota mahali pake, mkondo wa kuanzia unakuwa mkubwa sana, ncha zinashikana kwa moto, na swichi haizimiki tena.

Koili nayo ina hasira yake. Ukikata ghafla mkondo wa moja kwa moja unaopita ndani ya koili kubwa, usumaku unaanguka na kusukuma volti nyingi kuliko zile zilizokuwapo. Ndiyo cheche ile ya bluu kwenye swichi. Cheche hula ncha za swichi, humpiga mtu, na mahali penye vumbi la chai au nyuzi za katani inaweza kuanzisha moto. Dawa yake ni kuipa nguvu hiyo njia ya kuishia, kwa kapasita ndogo na ukinzani, au kwa dayodi. Swichi inayotoa cheche kubwa kila siku iandikwe katika kitabu cha hitilafu.

TUFANYE NINI

Kwa wenzetu wa mizani: gunia lishushwe taratibu kwenye ndoano, lisitupwe. Mkono wa mtu usiguse gunia wala mizani wakati wa kusoma. Karani asome baada ya mshale au namba kusimama, na mchumaji aione namba hiyo kabla haijaandikwa. Kamati ya tawi idai jambo hili liandikwe katika mkataba wa hali bora.

Kwa wenzetu wa kiwandani ambao si mafundi umeme: msifungue kabati la kapasita kwa sababu yoyote, hata umeme ukiwa umekatika nchi nzima.

Kwa mafundi: zimeni swichi, ifungeni kwa kufuli, wekeni kibao chenye jina. Ngojeni muda ulioandikwa kwenye kapasita. Pimeni kwa mita ambayo mmekwisha kuihakikisha kwamba inafanya kazi, kati ya fezi zote na kati ya kila fezi na ardhi. Kisha unganisheni ncha pamoja na ardhi kwa kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na baada ya hapo ndipo mshike. Msitumie bisibisi kuunganisha ncha. Bisibisi haina ukinzani wa maana, kwa hiyo nguvu yote inatoka mara moja, na chuma kinayeyuka mbele ya macho yenu.

Kwa wajumbe wa matawi: ulizeni kila mwezi kama vizuizi vya kumaliza chaji vimekaguliwa, na nani amekagua. Takeni kibao ukutani chenye maneno ya Kiswahili kinachotaja dakika za kungoja. Takeni vibarua wasitumwe kusafisha makabati.

Na msimamizi akilazimisha? Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao mwaka 2022 uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya shirika hilo, unasema mfanyakazi aliyejiondoa mahali pa kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake alindwe asipate madhara yasiyostahili kwa kufanya hivyo. Asiondoke kimyakimya. Amwarifu msimamizi wake mara moja, amwarifu na mjumbe wa tawi, na jambo liandikwe.

Dakika 3 za kungoja haziharibu majani ya chai. Sekunde chache za kungoja mshale hazichelewesha lori. Mwajiri anayesema hana muda huo anataka kuuchukua kutoka kwenye mshahara wetu au kutoka kwenye miili yetu. Tusimpe.

Umoja ni nguvu.